Moshi na Mzinga: Habari ya Kuwatuliza Nyuki Tangu Kale

Katika lugha yetu liko neno kurina. Mtu husemwa amekwenda kurina asali, ingawa siku hizi wengine huandika kuvuna, kana kwamba asali ni mtama. Kurina si kazi moja. Ndani ya neno hili mna kupanda mti, mna kuwasha kienge, mna kufukiza, mna kukata masega na kushuka nayo. Ni neno la mtu aendaye kwa nyuki ili atwae. Lakini neno la kwenda kwa nyuki bila kutwaa kitu, yaani kufungua nyumba yao, kutazama kama malkia anataga na kama chakula chawatosha, kisha kufunga na kuondoka mikono mitupu, neno hilo wazee hawakutuachia. Wafugaji wa leo husema kukagua, neno la askari na la msimamizi wa shule. Hawakosei, neno ni geni kwa sababu jambo lenyewe ni geni. Wala si geni kwetu tu. Hata huko Ulaya na Marekani, kukagua mzinga kama kazi ya kila mfugaji hakujatimiza miaka 200.

Nataka kueleza jinsi jambo hili lilivyopatikana, kwa maana walimu wengi wenye mizinga shuleni hudhani ya kuwa siri yote ya kuwatuliza nyuki ni moshi. Moshi una sehemu yake, na sehemu hiyo ni ya kale mno. Lakini mtu akizifuata habari tangu mwanzo ataona ya kuwa watu walikuwa na moshi kwa miaka zaidi ya 3,000, na muda huo wote nyuki waliwauma watu, na watu waliwaua nyuki. Amani haikuletwa na moshi. Ililetwa na namna mpya ya kuijenga nyumba ya nyuki, hata ikawezekana kuifungua bila kuibomoa.

Kwanza tumfahamu nyuki mwenyewe. Nyuki mtenda kazi akimwuma mtu hufa, kwa kuwa mwiba wake una vijino vilivyoelekea nyuma. Hunasa katika ngozi, naye akijivuta huuacha pamoja na kifuko cha sumu na sehemu ya matumbo yake. Basi haumi kwa mchezo. Nyuki aliye juu ya ua, mbali na kwao, haumi ila akikanyagwa au kubanwa. Vita vyake viko nyumbani, kwa sababu nyumbani mna vitu vitatu asivyoweza kuviacha: malkia, majana, na akiba ya chakula. Mlangoni wako walinzi, nao hunusa kila ajaye. Mtu akiutikisa mzinga, au akiuhemea, au akilivunja sega, walinzi hutoa harufu ya hatari, na wenzao hutoka wakiifuata harufu ile hata wamwone adui. Hiyo ndiyo hali ambayo kila mrina tangu zamani za Misri alishindana nayo.

Picha ya kale kupita zote za watu na mizinga yao yatoka Misri. Mfalme Niuserre, aliyetawala kiasi cha miaka 2,400 kabla ya Kristo, alijenga hekalu la jua mahali paitwapo Abu Ghurab, si mbali na Kairo ya leo, na humo alichongwa mtu aliyepiga magoti mbele ya mizinga iliyolazwa. Jiwe hilo sasa limewekwa katika nyumba ya makumbusho ya Berlin. Mtu yule ameinua kitu karibu na kinywa chake. Wataalamu wengi wa zamani walisema ni chombo cha moshi. Wengine wa siku hizi husema kwamba apuliza sauti ya kumwita malkia, maana maandiko yaliyo juu yake yataja kupuliza. Si lazima tuwaamulie, kwa kuwa ushahidi ulio wazi waja miaka kama 1,000 baadaye katika kaburi la Rekhmire, waziri wa mfalme Thutmose wa tatu, huko Thebe. Humo twaona watu wawili penye mizinga: mmoja ameshika chombo kinachotoa moshi, na mwenzake ayatoa masega ya mviringo kwa mikono. Hawakujifunika uso wala kifua. Mwalimu awezaye kuwaonyesha wanafunzi wake picha ile hahitaji maneno mengi, maana mtoto yeyote wa Tabora au wa Kondoa ataitambua kazi mara moja. Mzinga mrefu uliolazwa una faida hii, kwamba ukifukiza upande mmoja nyuki husogea upande wa pili, nawe wakata masega waliyoyaacha. Ndivyo afanyavyo mrina wa kwetu penye mzinga wa gogo au wa gome.

Wako wengine wa kale waliojaribu njia nyingine, nayo ni kuchagua nyuki walio wapole. Mwaka 2007 wachimbaji wa mambo ya kale walioongozwa na Amihai Mazar walifukua katika bonde la Yordani, mahali paitwapo Tel Rehov, mizinga ya udongo na majani makavu iliyopangwa safu kwa safu katikati ya mji wenye nyumba nyingi. Kiasi cha mizinga 30 ilionekana, nayo ni ya karne ya 10 au ya 9 kabla ya Kristo, yaani karibu na zamani za wafalme wa Israeli tuwasomao. Mji ule uliteketea kwa moto, na mabaki ya nyuki walioungua yalibaki ndani ya masega. Wataalamu walipoyapima mabawa yao, wakatangaza mwaka 2010 ya kuwa nyuki hao walifanana na wale wa nchi ya Uturuki kuliko wale wa Shamu walio karibu. Nyuki wa Shamu ni wakali, nao hutoa asali kidogo. Kwa hiyo wakafikiri ya kwamba watu wa mji ule waliagiza nyuki wapole kutoka mbali. Huenda ni kweli. Mtu akitaka kuweka mizinga mingi karibu na mlango wa jirani hana budi kufikiri hivyo.

Katika Warumi twapata mashauri yaliyoandikwa. Virgilio, mshairi, katika kitabu chake cha ukulima alichokimaliza kiasi cha mwaka 29 kabla ya Kristo, amwagiza mwenye kutoa asali asukutue kinywa kwa maji kwanza, kisha atangulize moshi mkononi. Shauri la kinywa laweza kumchekesha msomaji, lakini ni la akili sana: pumzi ya mtu huwachukiza nyuki kupita karibu kila kitu, na mpaka leo mfugaji hodari hugeuza uso akitaka kupumua. Aliyeandika kwa urefu kuliko wote ni Columella, mzaliwa wa Gades katika Hispania, katika karne ya kwanza baada ya Kristo. Yeye hutaka mwenye kuwashughulikia nyuki ajitenge na mkewe siku iliyotangulia, asiwe amelewa, awe amenawa, wala asile kitu chenye harufu kali kama samaki wa chumvi, vitunguu na vitunguu saumu. Warina asali wengi wa Afrika ya Mashariki wana miiko iliyo karibu sana na hii. Baadhi yetu tuliosoma shule tumezoea kuicheka miiko kama hiyo na kuiita ushirikina. Naona afadhali tuigawanye: jambo la mke na mume nyuki hawalijui, lakini jasho, pombe na harufu kali wanavijua, na mzee aliyeweka mwiko alikuwa amehesabu miiba mwilini mwake kabla ya kuuweka.

Columella aeleza pia chombo. Ni chungu chembamba chenye masikio mawili. Mwisho mmoja umechongoka na kuwa na tundu dogo ambamo moshi hutoka, na mwisho wa pili una mdomo mpana ambamo mtu hupulizia. Ndani yake huwekwa makaa, na juu ya makaa samadi kavu au kelbena. Hiyo kelbena ndiyo ile tuisomayo katika kitabu cha Kutoka, miongoni mwa manukato ya hema. Basi Mrumi alikuwa na chombo cha kuupeleka moshi mahali atakapo, wala si kienge tu. Na baada yake kwa miaka karibu 1,800 hapana aliyekitengeneza vizuri zaidi.

Huko Ulaya ya kaskazini mambo yaliharibika. Mizinga yao ilikuwa vikapu vya majani makavu vilivyofunikwa kifudifudi, na masega yalishikamana na kikapu chenyewe. Hapakuwa na njia ya kuingia ndani. Basi wakati wa mavuno mwenye vikapu alivipima kwa mkono. Vilivyo vizito kwa asali, na vile vyepesi visivyoweza kuvuka baridi, alivitia juu ya shimo lenye kiberiti kinachowaka, nao nyuki wote wakafa. Nasema kiberiti kwa maana yake ya kale, lile jiwe la manjano la habari za Sodoma, si kile cha kuwashia jiko. Asali ya mwaka ikawa mauti ya kundi. Watu hawa walikuwa na moshi, tena moshi ulio mkali kupita wote, lakini ulikuwa moshi wa kuua.

Wako waliochukizwa na desturi hiyo, na ajabu ni kwamba wengi wao walikuwa wachungaji na mapadre. Sijui sababu nyingine ila kwamba mchungaji wa kijiji alikuwa na bustani, alikuwa na vitabu, na alikuwa na saa za kukaa kimya. Charles Butler, mchungaji wa Uingereza, alitoa kitabu mwaka 1609 kilichowafahamisha Waingereza ya kuwa mkuu wa nyuki ni malkia, wala si mfalme kama walivyodhani. Naye ataka mfugaji awe msafi, mwenye kiasi, mtulivu, tena aliyezoeana na nyuki wake. William Charles Cotton alitoa kitabu mwaka 1842 akiwasihi wanavijiji wasiue nyuki kamwe, bali wawafukize kwa moshi wa uyoga ule wa mviringo ujaao vumbi, ambao huwalevya kwa kitambo kisha wakaamka. Mwaka huo huo alisafiri kwenda New Zealand pamoja na Askofu Selwyn, na mwaka 1849 kikapigwa chapa huko kitabu chake kidogo cha ufugaji wa nyuki kwa lugha ya Kimaori. Nalitaja jambo hili kwa ajili ya wasomaji wetu wanaodhani ya kuwa mitambo ya chapa ya misheni ilitoa katekisimu na nyimbo tu.

Lakini uyoga wa Cotton ulikuwa bado ni dawa ya kulevya. Mlango wa kweli ulifunguliwa na mtu asiyeona. François Huber alizaliwa Geneva mwaka 1750, naye akapofuka angali kijana. Alikuwa na mtumishi jina lake François Burnens, mwenye macho mema na subira kupita kiasi, na kwa macho ya Burnens Huber alijifunza mambo ya nyuki ambayo wenye kuona hawakuyajua. Kitabu chake kilitoka mwaka 1792. Alitengeneza mzinga wa kurasa: kila sega lilikuwa katika kiunzi chake, na viunzi viliunganishwa upande mmoja kama kitabu, hata ukaweza kuufungua na kusoma ukurasa baada ya ukurasa. Huber alistaajabu kuona nyuki wa mzinga huu si wakali kama wengine. Mwenyewe alidhani ni kwa sababu ya mwanga ulioingia mara moja katikati ya masega yote, ukawatia hofu badala ya hasira. Hata kama sababu yake haikutimia, aliloliona ni kubwa: nyuki wale wale, wa nchi ile ile, walitulia kwa kuwa nyumba yao ilifunguliwa kwa njia nyingine.

Mzinga wa Huber ulifaa mtu wa elimu. Kwa mkulima ulikuwa na kazi nyingi, na nyuki waliobanwa kati ya kurasa walikufa. Padre Jan Dzierzon wa Silesia, aliyeishi tangu 1811 hata 1906, alifanya mizinga yenye fito za juu zinazotoka, lakini masega yalishikamana na kuta za kando, ikambidi ayakate kwa kisu kila alipotaka kuyatoa. Kila alipokata, asali ilichuruzika na nyuki wakachafuka. Hapo ndipo palipokuwa na fundo, na aliyelifungua ni Lorenzo Lorraine Langstroth.

Langstroth alizaliwa Philadelphia katika Marekani siku ya Krismasi mwaka 1810, akawa mchungaji. Alisumbuliwa maisha yake yote na ugonjwa wa huzuni nzito uliomwondoa kazini kwa miezi, na nyuki walikuwa faraja yake. Mwaka 1851 aligundua jambo dogo sana kwa kulitazama. Nyuki wakiona ufa mwembamba huuziba kwa gundi. Wakiona nafasi pana hujenga sega ndani yake. Lakini nafasi ya kiasi cha milimita 6 hata 9 huiacha wazi, kwa kuwa ndiyo njia yao ya kupita. Langstroth akaacha nafasi hiyo kati ya kiunzi na ukuta, juu ya viunzi, na kila mahali. Kuanzia hapo kiunzi hakikugandamana na kitu. Mtu aliweza kuondoa kifuniko, kukiinua kiunzi kimoja na sega lake zima, kukigeuza juani, na kukirudisha, pasipo kukata wala kuchuruza. Serikali ya Marekani ilimpa hati ya uvumbuzi tarehe 5 Oktoba 1852, nayo haikumtajirisha, maana watu waliiga bila kumlipa. Alikufa tarehe 6 Oktoba 1895 huko Dayton, akiwa mimbarani ameanza kuhubiri.

Kitabu chake cha mwaka 1853 kina neno la pili lililo na thamani kama lile la kwanza. Asema ya kuwa nyuki aliyeshiba asali haanzi vita. Watu walikuwa wameliona jambo hili katika pumba la nyuki lililohama: laning'inia tawini, na mtu aweza kulikung'uta kapuni bila kuumwa sana, kwa kuwa kila nyuki amebeba asali ya safari. Langstroth akaona ya kwamba moshi kidogo mlangoni huwafanya nyuki waliomo ndani wakimbilie masega na kujaza matumbo, na wakisha kujaza huwa kama wale waliohama. Kwa hiyo akawaambia wafugaji wafukize kidogo, wangoje, ndipo wafungue. Tazameni jinsi kazi ya moshi ilivyobadilika. Mmisri alifukiza ili nyuki waondoke. Mwenye kikapu alifukiza ili wafe. Langstroth alifukiza ili wale.

Chombo kilichofaa kazi hiyo kilifanywa na Moses Quinby, mfugaji wa jimbo la New York, katika miaka ya 1870: kopo la moto lililofungwa pamoja na mvukuto mdogo, mfano wa ule wa mhunzi, hata mkono mmoja ukatosha. Alikufa mwaka 1875. Chombo chake kilizimika upesi. Baadaye kidogo T. F. Bingham wa Michigan akaacha nafasi kati ya mvukuto na kopo ili moto uvute hewa wenyewe, na hilo ndilo bomba la moshi tulitumialo mpaka sasa. Waitaliano, Wahindi na Wasukuma hutumia bomba lile lile.

Yaliyobaki katika habari ya moshi yalijulikana juzi tu. Mwaka 1962 wataalamu watatu, Boch, Shearer na Stone, walitangaza kuwa wameitambua dawa iliyomo katika harufu ya hatari ya nyuki. Ni dawa ile ile inukayo katika ndizi mbivu, na kwa sababu hiyo wafugaji huonywa wasile ndizi karibu na mizinga. Kisha mwaka 1995 uchunguzi mwingine ulionyesha ya kuwa moshi hupunguza nguvu ya vipapasio vya nyuki kuisikia harufu ile; walinzi hupiga mbiu, na wenzao hawaisikii. Nguvu yao hurudi baada ya dakika 10 hata 20. Basi moshi hufanya kazi mbili, hushibisha na huziba pua, na yote mawili ni kwa muda tu. Mtu afunguaye mzinga kisha akasimama kuzungumza ameupoteza moshi wake.

Sasa na turudi kwetu. Nyuki wa nyika zetu, ambao wataalamu huwaita scutellata, ni wadogo kuliko wa Ulaya, wepesi kukasirika, humfukuza adui mbali, na wakisumbuliwa huhama kabisa. Sababu yaelezwa hivi, nami naiona ni ya haki: katika nchi yenye nyegere, siafu, na watu waliotumia moto tangu kale, makundi mapole yaliporwa yakaisha, na makali yakabaki kuzaa. Wageni walioleta mizinga ya Langstroth Afrika waliona ya kuwa wakiondoa kifuniko chote kama wafanyavyo kwao, masega yote huwa wazi kwa pamoja na nyuki wote hutoka kwa pamoja. Wengine wakasema nyuki wa Afrika hafugiki. Neno hili limesemwa mara nyingi, na walimu wa kwetu wamelichukua na kulirudia darasani. Mimi silikubali, na ushahidi wangu umetoka mbali.

Mwaka 1956 Warwick Kerr, mtaalamu wa Brazil, alichukua malkia wa nyuki wa Afrika, kutoka Afrika ya Kusini na Tanganyika, akawapeleka kwao ili kupata uzao wa kustahimili nchi ya joto. Mwaka 1957, karibu na mji wa Rio Claro, makundi 26 yalitoroka. Uzao wao ukachanganyika na nyuki wa Kizungu waliokuwako, ukaenea Amerika ya Kusini, ukapita Amerika ya Kati, na mwezi wa Oktoba 1990 ukaonekana Texas. Magazeti ya Marekani yaliwaita nyuki wauaji. Watu waliumwa, wengine wakafa, na wafugaji wengi wa Brazil waliacha kazi. Lakini waliobaki hawakuungoja upole. Waliondoa mizinga karibu na nyumba na njia, wakavaa nguo nyeupe nene, wakafanya mabomba ya moshi makubwa zaidi, na wakachagua malkia wa makundi yaliyo matulivu. Leo Brazil huuza asali nyingi nchi za nje, na nyuki wanaoifanya ni jamaa wa nyuki wetu.

Na hapa Afrika ya Mashariki penyewe jibu lilipatikana, nalo lilikuwa tena jibu la nyumba. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ulitengenezwa Kenya mzinga wenye fito za juu tu, bila viunzi vya pande nne. Kila ufito una upana wa milimita 32, kwa kuwa nyuki wetu ni wadogo na masega yao hukaribiana. Kwa nyuki wa Ulaya hutakiwa kama 35. Fito hugusana, zikawa ndizo dari ya mzinga. Mfugaji akiondoa bati la juu bado hajaufungua mzinga. Nyuki hawaoni mwanga wala hawasikii upepo. Huondoa ufito mmoja wa mwisho, penye nafasi tupu, hupuliza moshi kidogo katika ufa ule, kisha huzisogeza fito moja moja, kila sega likitazamwa na kurudishwa kabla ya jingine kutolewa. Wakati wowote hapana wazi ila upana wa vidole viwili. Sega halina kiunzi cha kulishika chini na kando, kwa hiyo lazima lishikwe wima daima. Ukililaza hukatika, na sega lililokatika ni mbiu ya vita. Nimeona wanawake wakiufanyia mzinga huu kazi chini ya mwembe pasipo kelele yoyote, na hilo ni jambo jipya, kwa sababu mzinga wa juu mtini uliwaacha wanawake mbali na nyuki katika makabila mengi.

Kwa walimu wenye mizinga ya shule naongeza haya. Manzuki yawe mbali na madarasa, na ua wa miti uwepo kati, ili nyuki waruke juu ya vichwa vya watoto. Mbuzi asifungwe kamba karibu. Yeye hawezi kukimbia, nao hawamwachi mpaka afe. Mizinga isikaguliwe saa sita mchana wala siku ya mvua, bali alasiri jua likipungua, ili giza liwarudishe nyuki nyumbani ikiwa mambo yameharibika. Wazee waliorina usiku walijua sababu, ingawa usiku haufai kukagua, kwa kuwa malkia na majana hawaonekani. Nguo nyeusi na za manyoya huwaudhi, pamoja na sabuni zenye manukato, ambazo Columella hakuzijua lakini angezikataza. Cha kuwasha bombani kiwe kikavu na cha kutoa moshi wa baridi: maganda ya mahindi, samadi, majani makavu. Mpira na nguo zenye mafuta havifai. Pulizeni moshi mkononi mwenu kwanza. Ukiunguza ngozi utaunguza na mabawa.

Mtu akiumwa, mwiba uondolewe pale pale, kwa ukucha au kwa vyovyote, maana kila nukta ukikaa huongeza sumu. Kisha mahali pale pafukizwe, kwa sababu harufu ya mwiba mmoja huita ya pili. Mtoto avimbaye uso au koo, au ahemaye kwa shida, apelekwe hospitali bila kungoja jioni. Na ufito wa mwisho ukisha kurudishwa, moto wa bomba uzimwe kabisa kwa maji, tena majivu yafukiwe, hasa miezi ya kiangazi, kwa kuwa vienge na makaa ya warina asali ni mojawapo ya vyanzo vya mioto ya misitu ya miyombo, na maua ya miti hiyo ndiyo yanayowalisha nyuki.